Mgonjwa au Msindikizaji

Habari ilifika kijiweni kabla kahawa haijachemka sawasawa. Aliyeileta ni Redio, fundi simu wa kibanda cha ng'ambo ya barabara, mtu ambaye siku akikosa habari hupatwa na kwikwi. Alivuka barabara macho yakiwa kwenye simu ya mteja, akasimama mbele ya benchi, akatangaza kwamba serikali imebadilisha kanuni za biashara za afya zote, kuanzia hospitali za ghorofa mpaka maduka ya dawa ya uchochoroni, na kwamba habari ya kununua vidonge viwili viwili imekwisha.

Spika hakuinua kichwa. Alikuwa amekaa mahali pake pa siku zote, mwisho wa benchi upande wa mlango wa duka la dawa. Jina la Spika alilipata kwa sababu hapo kijiweni hakuna anayesema bila yeye kumpa nafasi, wala anayenyamaza bila yeye kumnyamazisha. Alikuwa seremala mpaka mikono ilipoanza kuikataa randa, na benchi lile alilitengeneza mwenyewe, zawadi kwa kaka yake siku alipofungua duka. Kaka amekwishatangulia mbele ya haki. Duka likabaki kwa mjane, ambaye ndiye aliyesomea dawa tangu mwanzo, na benchi likabaki kwa Spika, ingawa hakuna aliyemkabidhi.

"Soma taratibu," alisema. "Kanuni haikimbii."

Redio akasoma. Antibayotiki zisiuzwe bila cheti cha daktari. Vidonge visikatwe kutoka kwenye pakiti yake. Mtaalamu mwenye leseni awepo dukani muda wote duka likiwa wazi, si picha yake kutundikwa ukutani huku mwenyewe yuko shambani anapalilia vitunguu.

Hapo Wakili akaguna. Wakili hakuwa wakili. Alikuwa dalali wa nyumba ambaye aliwahi kushtakiwa na mpangaji, akashindwa kesi, na tangu siku hiyo akawa anajua sheria. Alisema kanuni hizo zinamkandamiza mwananchi wa kawaida, kwa maana mwananchi wa kawaida hajawahi kuumwa pakiti nzima. Yeye binafsi huumwa vidonge viwili, akizidiwa sana vitatu.

"Na rangi je?" aliuliza Chungu, muuza kahawa.

Ikabidi Redio amuulize rangi zipi. Chungu akaeleza kwamba yeye tangu ujana wake hutibiwa kwa rangi. Nyekundu na nyeusi ni ya tumbo, ya njano ni ya homa, nyeupe kubwa ni ya mambo mengine yote. Sasa daktari akimwandikia jina refu kwenye karatasi, yeye atajuaje kama ndiyo rangi yake?

Spika akaamua kwamba swali ni zuri ila liwekwe kiporo, kwa sababu msomaji hajamaliza. Redio akasogeza kidole kwenye kioo cha simu, akasoma ile ya mwisho, na sauti yake ikapungua kadiri alivyokuwa anaisoma. Kila duka la dawa liwe na eneo la kusubiria. Atakayekutwa eneo hilo awe mgonjwa au msindikizaji wa mgonjwa, na wote wapimwe presha kabla ya huduma. Wazururaji hawaruhusiwi.

Chungu akatazama kulia na kushoto kwa benchi.

"Wazururaji ni akina nani?" aliuliza.

Papo hapo mlango wa duka ulifunguka, akatoka mwenye duka, koti jeupe mwilini, utepe wa kupimia mkononi. Wengine walimwita dada. Spika alimwita shemeji, na alilitamka neno hilo kwa namna ya mtu anayeonyesha kitambulisho. Shemeji aliwasalimia, akawaomba wainue miguu, akaanza kupima urefu wa benchi.

"Usijisumbue, huo urefu ninao kichwani," alisema Spika. "Unapima wa nini?"

Shemeji akaeleza. Ameambiwa ajaze maombi mapya ya leseni, na kwenye maombi kuna swali la eneo la kusubiria wagonjwa. Ndani ya duka mtu akiingia na mwavuli inabidi mwingine atoke. Kwa hiyo amejaza kwamba eneo lake la kusubiria ni hilo benchi, na mkaguzi atakuja kuliona asubuhi yoyote ndani ya wiki.

"Kwa hiyo benchi limepata kazi serikalini," alisema Redio.

"Limepata," alijibu shemeji. "Ninyi ndio hamjapata."

Aliwaomba kwa adabu, kama anavyowaomba watu wasimeze dawa na pombe, wahamie kwenye kibanda cha Redio wiki hiyo moja tu. Akasema mkaguzi akiwakuta hapo wanapiga soga, leseni imekwenda, na duka ndilo linalosomesha watoto. Alipotaja watoto alimtazama Spika, na Spika akatazama chini. Watoto wa kaka ni watoto wake, na ada yao hajawahi kuchangia zaidi ya ushauri.

"Au wewe ukae, shemeji," aliongeza, "lakini nikupime. Mashine ya presha iko humu ndani mezani."

Spika akacheka, na wenzake wakajua ni kicheko cha namna gani. Hadithi ya mashine ile waliisikia mara nyingi. Kaka yake alikuwa mzima wa afya, hajawahi kulala kitandani mchana. Jumatatu akapimwa presha, mashine ikasema iko juu, Ijumaa wakamzika. Spika hakuhitaji kusomea udaktari ili ajue kilichotokea hapo katikati. Tangu wakati huo huipita mashine ile kama mtu anavyompita mbwa aliyemng'ata ndugu yake. Na kama siku hizi anaamka na kichwa kinachogonga kisogoni, hilo ni suala la mto, na mito alikwisha kuibadilisha.

Shemeji akarudi ndani. Kijiwe kikaketi kama kamati.

Wazo la kwenda kukaa pengine wiki moja lilikuwepo. Lilipita mbele yao polepole, kila mtu akaliona, na hakuna aliyeliita. Kibanda cha Redio kina jua asubuhi, na isitoshe mtu hakimbii benchi lake kwa sababu ya karatasi. Wakili akaomba nafasi, akapewa.

"Kanuni inasema mgonjwa au msindikizaji," alisema. "Haijasema mgonjwa asipige soga. Nionyesheni kifungu."

"Lakini sisi hatuumwi," alisema Chungu.

"Hujaumwa kwa sababu hujaamua."

Ndipo ulipoanza mgawo wa magonjwa, na haukuwa mgawo mwepesi. Wakili alichukua gauti kabla mtu hajafungua mdomo, akasema ni ugonjwa wa wakubwa, na kwamba mtu wa hadhi yake hawezi kupewa minyoo mbele ya mkaguzi. Redio naye akataka ugonjwa wenye jina, akaomba kisukari.

"Kisukari, na kahawa yako ile ya kujaza sukari mpaka kijiko kinasimama?" aliuliza Spika.

"Ndiyo maana naumwa."

Akapewa. Chungu akawa mgumu. Alisema hakuna mteja atakayenunua kahawa kwa mgonjwa, kwa hiyo apewe kitu kisichoambukiza, kisichoonekana, na kisichomzuia kubeba birika. Walihangaika naye sana, mwisho wakamwandikia kukosa usingizi.

"Muuza kahawa anakosa usingizi," alisema Spika. "Huu ndio ukweli wa kwanza kusemwa hapa leo."

Yeye mwenyewe alijiteua msindikizaji. Wakili akauliza msindikizaji wa nani, akajibiwa wa wote, maana wagonjwa wa aina hiyo hawawezi kuachwa peke yao. Hakuna aliyepinga kwa sababu kila mmoja alikwisha kuupenda ugonjwa wake na hakutaka kuuachia. Wakafanya na mazoezi. Wakili aliguna vizuri sana akiwa ameshika mguu wa kulia, halafu alipoinuka akachechemea wa kushoto. Alipoambiwa, alisema gauti ya wakubwa husafiri kikazi.

Mkaguzi alikuja siku ambayo walikuwa wamesahau kuumwa. Walikuwa katikati ya mjadala wa kama ng'ombe anajua jina lake, Redio akisema anajua ila anadharau, mara binti mmoja mwembamba mwenye begi la mgongoni akasimama mbele yao.

"Shikamooni, wazee wangu. Natoka ukaguzi wa maduka ya dawa."

Wakaitikia marahaba kwa sauti za watu waliolazwa. Wakili akashika mguu. Shemeji alitokea mlangoni, akawaona walivyokaa, akaweka kiganja mdomoni.

"Mnasubiri huduma?" aliuliza binti.

"Kwa muda mrefu sasa," alisema Chungu, na hakuwa amedanganya.

"Mgonjwa ni nani?"

Mikono mitatu ikapanda juu. Birika la Chungu likapanda nalo.

"Na huyu mzee?"

"Msindikizaji," alisema Spika.

"Una uhusiano gani nao?"

"Ninawavumilia."

Binti alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeshukuru kwa maelezo kamili. Akamgeukia shemeji, akamwomba alete mashine ya presha wapimwe hapo hapo akiwepo, ashuhudie utaratibu. Wagonjwa watatu wakaanza kukunja mikono ya mashati kwa furaha. Akaongeza kwamba msindikizaji naye ajiandae.

"Msindikizaji haumwi," alisema Spika.

"Kanuni inasema wote waliopo eneo la kusubiria, baba."

Wakili akaona hapa ndipo anapohitajika. Alieleza, kwa kirefu, kwamba ukiitafsiri sheria kwa jicho la sheria yenyewe, msindikizaji si mtu wa kupimwa, bali ni chombo cha usafiri.

"Basi na chombo kikaguliwe," alisema binti.

Redio akapimwa wa kwanza, akakutwa mzima. Chungu akapimwa, akakutwa mzima. Wakili alinyoosha mkono, akafumba macho, na shemeji akamwambia presha yake ni nzuri sana.

"Nzuri kiasi gani?" aliuliza Wakili kwa wasiwasi.

"Kama ya kijana."

Jambo hilo lilimuuma. Aliomba apimwe upya, akapimwa, ikatoka nzuri zaidi. Akasema atakata rufaa, kwamba tangu lini mtu mwenye gauti iliyokomaa akawa na presha ya kijana, na mashine yenyewe inaonekana ni ya magendo. Mkaguzi aliutazama mguu wake, kisha akatazama pengine kwa heshima.

Wakati huo Spika alikwisha kusimama. Alisema amekumbuka kuna mbao zake ameziacha kwenye jua, zitapinda. Hana mbao. Ana miaka hajagusa mbao.

"Shemeji," alisema mwenye duka.

Spika akamwona mkaguzi ameshika kalamu, haiandiki, inasubiri. Akielekea nyumbani sasa, pale kwenye benchi patakuwa pameondoka mtu bila kupimwa, mbele ya macho ya serikali, na duka litaingia kwenye matatizo kwa sababu yake. Aliwafikiria wale watoto. Akarudi, akaketi, akakunja shati akiwa anatazama barabarani.

"Nipime," alisema. "Lakini ikianza kusema maneno, uizime."

Mashine ikabana mkono, ikanguruma, ikaachia. Shemeji alitazama kioo chake, hakutaja namba. Aliivua, akaizungusha kwenye mkono wa pili, akaanza tena. Redio hakusema kitu, na hilo pekee lilitosha kumtisha mtu. Mashine ilipoachia mara ya pili, shemeji alimtazama Spika usoni kwa namna ambayo Spika aliwahi kuiona mara moja tu, na siku hiyo hakuwa akitazamwa yeye.

"Kichwa kinauma?" aliuliza.

"Asubuhi tu. Ni mto."

"Na macho?"

"Macho ni uzee."

"Unakwenda hospitali. Si kesho. Sasa hivi."

Spika akawageukia wenzake, na kwa mara ya kwanza aliomba nafasi ya kusema badala ya kuitoa.

"Mnaona wenyewe," alisema. "Nimefika hapa mzima. Nimekunywa kahawa ya huyu, nimebishana habari za ng'ombe, sina neno. Nimepimwa, nimeugua. Kaka alianza hivi hivi."

Shemeji alichuchumaa mbele ya benchi, koti lake jeupe likigusa vumbi, akasema kwa sauti ya chini ambayo hata hivyo wote waliisikia.

"Kaka yako nimelala naye kitanda kimoja. Nilimsikia akiamka na kichwa, akaniambia ni mto. Mito yote ya nyumba ile nilibadilisha mimi. Nilimwomba nimpime, na mashine ninayo, akasema asiyepimwa haumwi. Ile Jumatatu aliyokubali, alikubali kwa sababu jicho moja lilikuwa halioni. Haikuwa mwanzo ile, shemeji. Hukujua tu, kwa sababu alinikataza kukwambia."

Spika alikuwa amekichukia kitu cha plastiki na betri kwa muda wote huo, na sasa alijikuta hana wa kumchukia. Iliuma kuliko alivyotarajia.

"Na mimi niko wapi?" aliuliza. "Mwanzo au mwisho?"

"Sijui. Ukienda watatuambia. Usipokwenda, nitajua mwenyewe."

Msemo wa kufaa hapo haukukosekana, kijiwe kile kina misemo ya kila ajali, lakini hakuna aliyetoa hata mmoja. Wakili akainuka, akatimua mbio kuelekea barabarani kutafuta teksi, gauti na yote, akiruka mtaro kama mtoto aliyetumwa sukari. Mkaguzi alimfuata kwa macho mpaka kona. Hakuandika kitu.

Chungu alimwekea binti birika mikononi. Alimwomba amshikie kidogo tu, mgonjwa wao anaondoka, na kama mteja atatokea, vikombe viko kwenye ndoo. Binti akalipokea birika kwa mikono miwili, hakuwa na jinsi.

Spika aliinuliwa na Redio upande mmoja na shemeji upande wa pili, ingawa alisema miguu yake ni mizima. Alisita mbele ya mkaguzi.

"Leseni ya shemeji yangu inakuwaje?"

"Baba, nimekuta eneo la kusubiria," alisema binti. "Nimekuta mgonjwa mmoja na wasindikizaji watatu, wote wamepimwa. Kanuni inataka nini tena?"

Shemeji alibaki dukani kwa kuwa kanuni inamtaka abaki. Alimtia Spika mfukoni kikaratasi cha kumpa daktari, akasimama mlangoni mpaka gari likapinda.

Ndani ya teksi palikuwa na ugomvi. Wakili alikuwa amekaa mbele kwa madai kwamba ndiye aliyeliita gari, Chungu akidai mbele ni pa mgonjwa, Redio akisema mgonjwa akae katikati asije akapigwa na upepo, dereva akiwaomba wachague kimoja. Kwa kawaida Spika angewapanga kwa neno moja. Safari hii aliwaacha waseme wote kwa pamoja. Alikuwa anaogopa, waziwazi, na zile kelele zilimsaidia kuliko kama angekuwa peke yake na mawazo. Aliwaza kwamba kaka yake alikwenda njia hii hii bila kelele, kwa kuwa alikataza asiambiwe mtu. Akasogea karibu zaidi na bega la Redio.

Hospitalini walisukumana mpaka dirisha la mapokezi, wote wanne wakijaa kwenye kidirisha cha kutosha uso mmoja. Muuguzi wa mapokezi aliwatazama mmoja mmoja. Akaona wazee watatu wanahema, mmoja wao ana kikombe cha kahawa mkononi, na wa nne ameshika ukuta.

"Mgonjwa ni nani kati yenu?"

Hakuna mkono uliopanda. Wakili alitazama viatu vyake. Redio alitazama dari, Chungu akatazama kikombe.

"Ni mimi," alisema Spika.

"Na hawa?"

Spika aliwageukia, akawaangalia vizuri wote watatu, wanaume aliowagawia magonjwa kwa mdomo wake mwenyewe.

"Hawa wazima," alisema. "Wamepimwa."